Nilimchoma sindano maksai wa baba mkwe, wakafa tumbusi, na mzee akaanza kugawa urithi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Chumvi niliyonayo ni ile ya ng'ombe, iko dukani.

Nina duka la dawa za mifugo hapa Bariadi. Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya wiki mbili, nikapewa cheti, nikakiweka kwenye fremu. Tangu siku hiyo ukweni wananiita Daktari. Sikuwahi kuwasahihisha, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Ukweni ni Shishiyu, wilaya ya Maswa. Baba mkwe, Mzee Mabula, ana maksai wawili wa kulimia, Diwani na Mtendaji. Diwani alipewa jina hilo kwa sababu hutembea kwa mbwembwe huku jembe likivutwa na mwenzake.

Jumamosi moja, mvua za kupandia pamba zimeshaanza, mzee akanipigia. Diwani kavimba begani, hali majani, hataki kufungwa nira. Nikamwambia asimsumbue afisa mifugo wa kata, nakuja mwenyewe. Mkwe nitakataaje sifa?

Dawa ya kupunguza uvimbe dukani kwangu ilikuwa imeisha. Nikapita duka la dawa za binadamu, nikachukua boksi zima la sindano za diclofenac. Nilijiambia maumivu ni maumivu, awe na miguu miwili au minne.

Nilipofika nikamshika Diwani bega, nikatikisa kichwa kitaalamu, nikatangaza kwamba nira imemchubua kwa ndani. Nikavunja vichupa, nikajaza bomba, nikachoma. Ng'ombe ni mkubwa, kwa hiyo nilichoma vingi.

Wakuu, jioni Diwani alisimama na kula. Majirani wakaja kutazama. Nilitembea pale uani nimeweka mikono nyuma.

Sasa mzee naye ana kiuno kinachomsumbua miaka yote. Akaniita pembeni akauliza kama vichupa vimebaki. Vilibaki.

Hapa wenye wakwe mnanielewa. Mkwe kuona makalio ya baba mkwe ni aibu isiyosemeka. Tukatafuta njia. Mzee alilala kifudifudi, akajifunika shuka, mama mkwe akatoboa tundu dogo kwa wembe, akatoka nje. Mimi nikachoma pale kwenye tundu huku nimeangalia ukutani. (Msije mkaiga. Mimi si muuguzi, na siku ile ni Mungu tu.)

Asubuhi mzee akaenda kisimani na kurudi bila fimbo. Nikarudi Bariadi nikiwa na jogoo wa shukrani.

Jumatatu Diwani akafa.

Nilijisikia vibaya sana. Mzee alikuwa anamhesabia yule maksai ekari zake zote za pamba, na Mtendaji peke yake hawezi. Watu walishaanza kunoa visu, maana kwetu ng'ombe aliyekufa hatupwi hivi hivi. Nikawahi kupiga simu: nyama ile isiliwe, dawa bado imo mwilini. Hilo nililikumbuka kutoka kwenye mafunzo na nilijisifu sana kulikumbuka.

Wakanitii. Wakamfunga Diwani minyororo, Mtendaji akamburuta mwenzake mpaka korongoni, wakamwacha huko. Tumbusi watamaliza, nikawaambia. Kweli walishuka wengi, na kesho yake jioni ilibaki mifupa.

Alhamisi mke wangu Milembe akanijia dukani ameshika simu.

"Baba anasema umemuua," akaniambia. "Ila anasema hana kinyongo."

Nikapiga pikipiki mpaka Shishiyu bila kusimama. Nilichokikuta ni hiki. Tumbusi walikuwa wametapakaa korongoni, wengine wamekufa chini, wengine bado juu ya miti shingo zimelegea, wanadondoka mmoja mmoja. Mzee alienda kuwaona kwa macho yake, akakaa chini, akapiga hesabu. Ndege huyu anakula mzoga wa siku tano, anakula nyoka, hajawahi kuonekana zahanati. Leo kala nyama yenye sindano ya mkwe, kafa. Na mimi nina sindano ileile kiunoni.

Akarudi nyumbani, akaoga, akavaa shati la kanisani, akalala chali kusubiri.

Chumba kilijaa. Katekista alikuwepo. Mzee alikuwa anagawa ng'ombe kwa sauti ya chini: huyu wa kwanza, huyu wa pili, shamba la bondeni la mama yenu. Akaniona mlangoni, akanipungia mkono nisogee.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "umeniua bila kukusudia. Chukua yule mtamba mwekundu, umlee binti yangu."

Wanawake wakaangua kilio. Na mimi nikalia, tena si kwa kuigiza. Nilikuwa naogopa kweli. Sikujua tumbusi wamekufa na nini. Nilisoma karatasi ya ndani ya boksi mara tatu, imeandika tumbo na vidonda, tumbusi hawakutajwa. Nilimwona Milembe akiniangalia, nikajua nikimuua baba yake sina pa kwenda.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu Jumamosi. Nikampigia afisa mifugo wa kata, dada mmoja anaitwa Neema. Nikamweleza kila kitu, pamoja na shuka na tundu.

Akaanza kwa kupita korongoni. Akavaa glovu, akampasua tumbusi mmoja mbele yetu. Moyo na ini vilikuwa vimepakwa kitu cheupe mfano wa chokaa. Akasema hiyo ndiyo kazi ya diclofenac. Figo za tumbusi haziiwezi kabisa, zinagoma, na uchafu uliotakiwa kutoka mwilini unaganda kwenye viungo. Dawa kidogo tu iliyobaki kwenye mzoga inatosha, na mzoga mmoja hulisha kundi zima.

Akaniuliza dalili za Diwani. Nilipomaliza akanisahihisha. Ule haukuwa mchubuko wa nira, ilikuwa tezi iliyovimba, dalili ya ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mimi nilituliza maumivu, ugonjwa ukaendelea kumla ng'ombe taratibu.

Kisha akaingia chumbani kwa marehemu mtarajiwa.

"Mzee, leo umekojoa?"

Mbele ya wakwe, katekista na wajukuu. Mzee akageuzia uso ukutani.

"Mara nne."

"Basi figo zako zinafanya kazi. Amka ukapimwe presha zahanati, na sindano za mkwe wako uache."

Mzee akakaa kitandani. Akatazama watu wote waliokuwa wanalia. Neno la kwanza alilosema baada ya kufufuka ni kwamba mtamba mwekundu abaki zizini.

Neema akatuagiza tuchimbe shimo refu, tuzike tumbusi wote na mabaki ya Diwani, mbwa wasifikie. Akaniambia dawa zipo ambazo hazijaonekana kuwadhuru tumbusi, meloxicam ni mojawapo, ila niulize kwanza kabla ya kushika bomba. Shimo nilichimba mimi. Hakuna aliyejitolea kunisaidia, na sikuwalaumu.

Nilidhani yameisha.

Wiki tatu baadaye punda wa jirani akafa, wakamburuta korongoni kama kawaida. Siku ya kwanza hakushuka ndege. Ya pili hakushuka. Ya tatu harufu ilifika mpaka kanisani, na mbwa wa kijiji kizima wakahamia huko, wanapigana na kufukuza watoto njiani. Mzee akaniita. Nilimkuta amesimama uani anatazama juu, na juu hakukuwa na kitu.

"Sisi ulitukataza tusile, tukakusikia," akasema. "Wale hukuwaambia."

Wakuu, nimetukanwa na watu wengi katika biashara hii, lakini sentensi ile bado inaniuma. Nilijua nyama ile haifai. Nikaona asiyestahili kudhurika ni binadamu tu, wengine wale watakavyojua.

Nilichojifunza ni kwamba cheti cha wiki mbili ni cha kuuzia dawa, si cha kutibia. Mnyama aliyekufa akiwa na dawa mwilini azikwe, asiachiwe ndege. Ile diclofenac nimekataa kuiuza kwa ajili ya ng'ombe, na wateja wananinunia.

Ukweni siitwi tena Daktari. Naitwa Tumbusi, hata na wajukuu. Mzee kanipa na kazi yao: mnyama akifa Shishiyu, napigiwa mimi nikazike, mpaka wenyewe watakaporudi.

Wenye maduka ya dawa na wafugaji, tupeni uzoefu wenu, huko kwenu tumbusi bado mnawaona? Nitajibu jioni. Mzee kapiga sasa hivi, kuna mbuzi, na koleo liko kwenye pikipiki.