Kuku wa Mama Mkwe Hafungiwi Tenga

Jamani, leo nimeaibishwa na kuku. Tena kwangu mwenyewe, hapa Malindi!

Nilipojifungua, mama mkwe aliniletea mtetea mweusi kutoka Marereni. Wa kufuga, akasema, si wa kula.

Tangu aje, wenzake hawana raha. Anawadonoa na kuwanyonyoa manyoya mchana kutwa. Wawili wamebaki migongo mitupu, myekundu, utadhani wanangoja sufuria.

Asubuhi nikasema basi. Nikamfunika peke yake chini ya tenga, na maji yake na chakula chake. Wale wawili nikawapaka manjano kwenye vidonda.

Saa nne, hodi. Mama mkwe huyo!

"Shikamoo mama."

Hata marahaba sikupewa.

"Kuku wangu amekosa nini hata afungwe kama mwizi?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha ile migongo. Akasema ni mimi nisiyewashibisha, akalifunua tenga kwa mkono wake.

Kuku hakungoja. Alimwendea yule mnyonge kabisa, akamng'oa unyoya mbele ya macho yetu, akaumeza.

Nikasema moyoni, haya, sasa mama ameona mwenyewe.

Wapi! Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Huyo ndiye mkubwa wa banda. Wenzake watamzoea tu. Kwani wewe hukunizoea mimi?"

Sasa hivi yuko jikoni anaonja mchuzi wangu, ati chumvi haijakolea. Kuku yuko uani, ananyonyoa.

Tenga ninalo moja tu. Nishaurini, nimfunike yupi?