Mbuzi Hawaishi Barabarani

Walimwita Kwato, na jina hilo hakupewa kwa kutukanwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akipanda mlima kuwahesabu mbuzi mwitu kwa niaba ya ofisi ya wanyamapori, na miguu yake ilizoea mawe hata ikawa ikikanyaga sakafu inajikwaa. Inasemekana siku moja aliteleza jabalini asubuhi akafika chini adhuhuri, na njiani alikuwa ameshahesabu mbuzi kumi na saba. Mumewe, fundi cherehani, huwa anakanusha hadithi hiyo. Anasema walikuwa kumi na wanne.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, meza mbili, birika lililovunjika mdomo, na ramani ukutani. Kwenye ramani ndiko mambo yalikoanza kuharibika. Mtaalamu mpya, kijana ambaye shati lake lilipigwa pasi mpaka kola ikakata tamaa ya kupinda, alikuwa amebandika vidoti vyekundu kila mahali alipoona mbuzi. Vyote vilikuwa bondeni, kwenye majani mabichi.

"Mama, mambo yako wazi," alisema. "Mbuzi wanapenda bonde. Majani yapo, maji yapo. Basi tulihifadhi bonde, na lile jabali la juu tuwaachie watu wa kokoto. Barua naipeleka Ijumaa."

Kwato akaweka kikombe chini polepole. Watu wa kokoto maana yake baruti. Na mwezi ule ule, juu ya jabali lile, majike walikuwa wanazaa.

"Hao mbuzi wako, waliowaona ni akina nani?"

"Mimi na dereva. Miezi mitatu mizima."

"Mkiwa wapi?"

"Kwenye gari."

"Haya mwanangu, hebu vifuate vidoti vyako kwa kidole."

Akavifuata. Kidole kikapita bondeni, kikakata kona, kikavuka daraja, kikasimama mlangoni mwa ofisi. Dereva, aliyekuwa ameegemea dirisha, akakohoa na kuanza kuvichunguza viatu vyake.

"Hiyo si ramani ya mbuzi," Kwato akasema. "Ni ramani ya barabara. Ukihesabu watu ukiwa umekaa hotelini, utaandika kwamba binadamu huishi mezani."

Mtaalamu hakucheka. "Lakini juu hakuna chakula, mama. Mnyama ataiacha shibe akakae kwenye mawe?"

"Kesho alfajiri uje na viatu vya kweli. Hivyo ni vya harusi."

Kesho yake walipanda. Kijana alihema kama mvukuto wa mhunzi, na Kwato, mwenye wajukuu sita, alipanda huku akimsimulia. Alimwonyesha kinyesi kilichorundikana chini ya vibaraza vya mawe, kibichi juu ya kikavu, cha miaka na miaka. Alimwonyesha mwamba uliolambwa chumvi ukabaki laini kama sahani. Alimwonyesha upande unaopigwa na jua la kwanza, ambako wanyama huota joto baada ya baridi.

"Bondeni wanashuka kula, kama wewe unavyokwenda sokoni. Umewahi kulala sokoni?"

"Hapana, mama."

"Na katika daftari lako, mbuzi watoto ni wangapi?"

Akafungua kurasa. Akafungua nyingine. Akarudi nyuma. "Sina hata mmoja. Wote ni madume."

"Ulidhani wanazaliwa na pembe? Dume lina mbio na halina mtoto, linaweza kuthubutu. Jike mwenye kitoto hukubali majani mabaya, mradi chui asipate pa kukanyaga. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na chui wa mlima huu aliwasikiliza. Amengoja mpaka masharubu yameota mvi."

Wakafika ukingoni. Upande wa pili, kwenye kibaraza chembamba kama rafu ya vikombe, majike tisa walikuwa wamesimama na watoto wao. Chini kabisa bondeni, madume yalikuwa yanakula karibu na mto. Mtaalamu akashika darubini, na vumbi likamwingia puani.

Alipiga chafya. Si chafya ya kawaida. Ilikwenda ikagonga mlima wa pili, ikarudi na jamaa zake.

Huko bondeni vichwa vyote vikainuka. Madume yalikuwa na mto mbele yao, vichaka kulia, na majani mpaka kifuani. Hakuna hata moja lililotazama huko. Yote yaligeuka kwa pamoja na kukimbilia jabalini, yakapanda ukuta uliosimama wima kana kwamba ni ngazi, na hayakusimama mpaka yalipofika mahali ambapo hata upepo hupita kwa uangalifu.

Mtaalamu akashusha darubini. 

"Kwa hiyo bonde wanalitumia kwa sababu jabali liko karibu," akasema. "Jabali likiondoka, hata bonde watalihama."

"Sasa unasema kama mtu aliyepanda."

Alitoa karatasi palepale, akaiweka gotini, maana alipotazama njia ya kushukia hakuwa na hakika kama angefika ofisini akiwa mzima wa kuandika barua. Akaandika kwamba bonde lihifadhiwe, na jabali pia, na watu wa kokoto watafutiwe kilima kingine.

Kwato, asiyejua kusoma, akamwomba amsomee. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Anza na jabali," akasema, "ndipo lifuate bonde. Ndivyo wenyewe wanavyopanga."

Kijana akafuta, akaandika upya.