Kipindi cha Sita Nilichomtafsiria Mama Mkwe

Mdomo ninao, sikatai. Nimekulia Temeke, kwenye nyumba ya kupanga yenye wanawake saba na bomba moja la maji, na pale asiyejua kurusha kijembe alikuwa anachota maji wa mwisho. Kwa hiyo hili nililolifanya mwaka jana hapa Mayfair, Johannesburg, nililifanya kwa kujua. Sitaki mtu anitetee.

Mama mkwe wangu alikuja Johannesburg kutoka Tanga alipomaliza eda ya baba mkwe. Alikuja kwa miezi mitatu, ndivyo tulivyoambizana. Lakini mume wangu, anayeuza mablanketi kwenye duka la jumla mjini, alitaka abaki moja kwa moja, maana kule alikuwa amebaki peke yake na nyumba ya vyumba vinne. Aliniambia tukiwa wawili, "Mimi siwezi kumwambia. Nikimwambia mimi, atadhani wewe hutaki. Likitoka mdomoni mwako, atakaa." Na alisema kweli. Mama wa aina ile hakai kwa mke wa mwanawe mpaka yule mke amwombe kwa kinywa chake. Nikamjibu nitamwambia. Nilikuwa namenya vitunguu, wala sikuinua uso.

Wallahi sikutaka. Nyumba yetu ni chumba, sebule, na jiko ambalo watu wawili wakiingia mmoja lazima arudi kinyumenyume. Kazi yangu ni sambusa, nawauzia Wasomali wenye maduka na migahawa ya chai mtaani kwetu, na jiko ndiyo ofisi yangu. Mama mkwe alipofika akaanza kunisaidia bila kuombwa. Sufuria niliyoosha anaiosha tena. Nyama ya kusaga anaionja, anaongeza pilipili manga kidogo, anakoroga, ananyamaza. Neno baya hakunitamkia hata siku moja, na hilo ndilo lililoniudhi kupita yote, maana angelisema ningepata pa kuanzia. Mimi na mume wangu hatujajaliwa mtoto, mwaka wa tisa sasa, na yeye hakuniuliza. Mawifi zangu wote wameniuliza. Yeye hakuuliza, nami sikumhesabia wema huo.

Tulikuwa tunakunja sambusa alasiri, sebuleni, televisheni ikiwa mbele yetu. Kila Jumatano kulikuwa na kichekesho kipya cha Waingereza, ndiyo kwanza msimu wa kwanza. Bibi mmoja mjane anahamia kwa mwanawe na mke wa mwanawe, nyumba nyembamba ya ghorofa, choo kimoja, na wote watatu wana heshima za Kizungu za kuuana polepole. Mkisikia vicheko, ni vya watu msiowaona. Siku ya kwanza nikamtazama mama mkwe, mtandio wake, macho yake kwenye kioo, nikasema maskini, haelewi kitu. Nikaanza kumtafsiria. Yule bibi anatafuta birika, mkwewe anasema limevunjika. Mama mkwe akatabasamu akasema, "Haya, endelea."

Kipindi cha kwanza nilitafsiri kwa uaminifu. Wiki iliyofuata, asubuhi, nilikuta mitungi yangu yote ya viungo imehamishwa rafu. Alasiri kwenye kipindi cha pili yule mke akawa anamweleza bibi habari za taka, zipi zinatoka Jumatatu na zipi Alhamisi. Mimi nikamwambia mama mkwe, "Anasema jikoni kwa mtu huingii bila hodi." Watu wasioonekana wakacheka. Mama mkwe naye akacheka kidogo, akaendelea kukunja.

Kesho yake alfajiri nikiwa jikoni nachemsha maji, nikasikia, "Hodi." Amesimama mlangoni, ndani ya nyumba ya mwanawe mwenyewe, anangoja. Nikamwambia karibu, Mama. Nikafurahi. Naandika neno hili nikiona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi. Toka siku ile kila asubuhi alipiga hodi, na kila asubuhi nikamkaribisha kwenye jiko lile.

Nikajua dawa imeingia, nikaongeza. Kipindi cha tatu umeme ulikatika katikati, tukabaki tunakunja kimya. Akaanza kunihadithia alivyoolewa, alivyolia mwezi mzima nyumbani kwa mama mkwe wake. Nikasema eish, Wasomali wananisubiri, nikabeba ndoo yangu ya sambusa nikatoka. Zilikuwa hazijatimia, na hakuna aliyekuwa ananisubiri. Kipindi cha nne, wale Waingereza wakigombania ufunguo wa choo, nikatafsiri hivi: mke anamuuliza bibi, tiketi yako ya kurudi ni ya lini? Jioni ile, mume wangu akiwa ndiyo kwanza amevua viatu, mama yake akamuuliza tiketi yake ni ya tarehe ngapi. Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama sahani. Baadaye aliniuliza kama nimeshamwambia mama, nikasema natafuta nafasi nzuri. Habari za kile kipindi sikumgusia kabisa.

Kumbe msimu wao wenzetu ni vipindi sita tu, basi. Cha sita ndicho hicho. Yule bibi yuko kwenye korido na sanduku lake, teksi inasubiri nje. Mke wa mwanawe anatoka jikoni na mikono yenye povu, anamzibia mlango. Na wale wachekaji, kwa mara ya kwanza, wamenyamaza. Anamwambia usiende, hapa ni kwako. Maneno mepesi, Kiingereza cha mtoto wa darasa la pili. Niliyaelewa yote.

Mama mkwe akaacha kukunja. Ameshika sambusa iliyo wazi, nyama inaonekana, na haangalii televisheni, ananiangalia mimi. Siku zote hizo alikuwa ananiachia niseme nipendavyo. Siku ile akauliza.

"Anasemaje?"

Nilikuwa na nafasi nzuri niliyomwambia mume wangu naitafuta. Ilikuwa imewekwa mkononi mwangu. Nikaona jiko langu, rafu zangu, asubuhi zangu.

"Anamwambia safari njema," nikasema.

Akaifunga ile sambusa, akaipaka uji wa unga ishike, akaiweka kwenye sinia pamoja na nyingine.

Miezi mitatu ilipotimia, uwanja wa ndege tulikwenda watatu. Kwenye mizani, yule dada mwenye sare akauliza begi limefungwa na nani na kama ndani kuna kitu cha kuvunjika. Nikafungua mdomo nitafsiri. Mama mkwe akamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza, taratibu, kimenyooka kuliko changu. Mume wangu alinishangaa mimi. Akasema mama alikuwa mpishi wa mke wa meneja wa shamba la mkonge miaka kumi na moja, Mwingereza mtupu, wewe hukujua? Sikujua. Sikuwahi kumuuliza alifanya kazi gani maishani mwake.

Mume wangu alipokwenda kumnunulia maji, mama mkwe akanivuta mkono. Mkono wake ulinukia bizari, kama wangu.

"Yule mke hakusema safari njema," alisema. "Nilimsikia. Nilitaka neno lile nilisikie kwako."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza wiki zote zile. Akasema nilikuwa sizungumzi naye, nilipoanza kumtafsiria akaona hata hayo ni mazungumzo. Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda zake na mkoba wake mdogo. Njia nzima ya kurudi, kila robot, taa za barabarani, ikituwekea nyekundu, mume wangu aliniuliza nalia nini, nikasema nimemzoea.

Nilikaa miezi mitano ndiyo nikapata ujasiri. Ijumaa moja, mume wangu aliporudi kutoka msikitini, nilipiga simu Tanga mbele yake. Shikamoo, marahaba, habari za huko. Kisha nikasema, "Mama, usiende, yaani, rudi. Hapa ni kwako."

Nikasikia mtu anachota maji nyuma yake.

"Hapo sasa umetafsiri sawasawa," alisema. "Lakini nimeshapangisha vyumba viwili, mwanangu, na mimi nimeshazoea." Akaniuliza nyama naitia pilipili manga kiasi gani siku hizi. Nikamwambia kama alivyokuwa akitia yeye, akasema vizuri, tukaagana.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, hajavua kofia.

"Mama anasemaje?" akauliza.

Nikamwambia akae. Nikamweleza neno kwa neno, kuanzia kipindi cha kwanza.