Mtu wa Simu wa Nyongesa

Kwa miaka minane Jeruto alimwombea mumewe aache pombe ya chang'aa. Alifunga, akampeleka kwa wahubiri wawili, akampaka mafuta ya upako kisogoni akiwa amelala. Nyongesa, fundi wa pikipiki pale mtaani Karagita, hakuacha. Tangu amzike kaka yake, aliyeombewa wiki nzima akafa vilevile, hakumwamini Mungu tena, wala hakuona haya kusema.

Halafu akaacha, na Mungu hakutajwa hata mara moja. Hapo ndipo Jeruto alipoumia.

Kila Jumamosi Nyongesa alikwenda kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la dawa liitwalo Darshana, ambako waliokuwa walevi huketi na kuzungumza. Hakuna sala wala sadaka. Kila mmoja hupewa mtu wa kumpigia simu kiu ikipanda. Huyo mtu hashauri, hahubiri. Anakaa naye tu kwenye simu mpaka kiu ipite, na mara nyingi haizidi nusu saa. Mtu wa Nyongesa alikuwa Akoth, muuza samaki, mjane mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani.

Miezi mitatu mume hajaonja tone, na mke, badala ya kushukuru, analiwa na wivu. Mwanamke gani huyu wa kupigiwa simu chakula kikiwa mezani? Anaambiwa nini ambacho mimi siambiwi? Matapishi nimefuta mimi, leo yeye ndiye wa kuvuna! Hasidi hana sababu, husema watu, lakini Jeruto alikuwa nazo tele.

Jumapili moja, kabla ya kwenda kanisani, aliifuta namba ya Akoth kwenye simu ya mumewe. Siku hiyo aliimba kuishinda kwaya nzima.

Aliporudi alimkuta Nyongesa kitandani, jasho linamtoka, anabonyeza simu.

"Namba ya Akoth imepotea," alimwambia mkewe. "Na leo kiu imenishika mbaya, Mama Sitati."

"Si mimi niko?"

Nyongesa aliiweka simu kando. "Basi kaa hapa. Usiongee. Na usiniombee, tafadhali. Kaa tu."

Ndicho alichokitamani miezi yote mitatu. Akaketi, akaushika mkono wa mumewe, akajiona mke tena. Dakika mbili zikapita, tatu. Lakini mkamia maji hayanywi. Furaha na hofu zilimjaa kwa pamoja, midomo ikaanza yenyewe: "Baba wa mbinguni, mkemee huyu pepo wa pombe..."

Nyongesa akauchomoa mkono wake. Akavaa viatu, akatoka, akashika njia ya kwa mama pima, muuza chang'aa.

Jeruto hakumfuata. Angemwambia nini? Alikimbia upande wa pili, kwa Akoth. Nyumba aliijua, kwa kuwa wivu ulishamfanya amnyemelee mara mbili kutoka sokoni. Alimkuta mlangoni akipaa samaki.

"Dada, ni mimi nilifuta namba yako," alisema, akihema. "Ameenda kwa mama pima. Nimejaribu kukaa naye, nimeshindwa kunyamaza. Twende, tafadhali."

Akoth hakumtukana. Alisuuza mikono, akatangulia kwa hatua ndefu. Jeruto alimfuata nyuma, bado anamchukia, na njia nzima alimsihi Mungu Nyongesa amsikilize mwanamke yule.