Kibao Kilichokuwa cha Sidonie

Kinanda cha misheni, mwendo mfupi kutoka Kasongo, kilikuja kwa mto Lualaba, kikapandishwa vichwani mwa wapagazi, na mvua ikakinyeshea njia nzima. Kilipofunguliwa, kibao kimoja kilikuwa bubu. Ukikibonyeza unasikia pumzi tu, fyuu, basi. Père mzee, padri aliyekiagiza, alitikisa kichwa akasema tutaishi nacho hivyo hivyo. Aliyeishi nacho kuliko wote alikuwa Raphaël Lukumani.

Raphaël alikuwa mtoto wa wakulima wa upande wa Wamaza, aliyeletwa misheni kusoma katekisimu akanasa kwenye kinanda. Père mzee alimfundisha kusoma noti. Mengine alijifundisha mwenyewe, na kabla nywele hazijaanza kumpungua alikuwa anatunga. Si vile vinyimbo ambavyo kila mtu hutunga akishiba. Alitunga Misa nzima, ya sauti nne, mpangilio wake wa Ulaya, lakini mwendo wake ulikuwa wa mama zake wakitwanga unga.

Ile Kyrie, wimbo wa "Bwana utuhurumie", ndiyo iliyomtesa. Wimbo ulipanda, ukapanda, mpaka ukahitaji kile kibao bubu na si kingine. Alijaribu kuuzungusha, ukachacha. Ng'ombe mzima amekwisha kumla, sasa anashindwa mkiani! Mkewe Sidonie, aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni, alichoka kumsikia akirudiarudia.

"Acha pale," alisema. "Mimi njo nitaimba pale."

Kwaya ya misheni ilikuwa ya wanaume peke yao. Lakini siku ya Noeli, wimbo ulipopanda na vidole vya Raphaël vikasimama, sauti ilitoka kwenye mabenchi ya wanawake, nyembamba, bila woga, ikaishika ile noti mpaka wanaume walipoipokea. Père mzee aligeuka altareni akitaka kukasirika, akashindwa. Tangu hapo ikawa hivyo kila sikukuu. Watu walitoka Kabambare kwa miguu kuja kusikia. Hata Faradji, fundi cherehani, Mwislamu wa mjini, alikuwa akisimama nje ya ua akidai anamngoja mteja.

Sidonie alikufa majira ya pamba, wakati amri ya serikali ilikuwa imewapeleka wote kwenye mashamba ya pamba. Alikuwa na homa akaificha, mpaka akaanguka katikati ya mistari. Walimbeba kwa machela, Raphaël akiwa mbele, na kabla ya kufika zahanati machela ilikuwa imekwisha kuwa nzito. Mtu aliyejua kupanga sauti nne hakujua la kufanya na pumzi moja ya mkewe. Ninaudhika mpaka leo nikifikiria pamba ile.

Misa iliyofuata mazishi, Kyrie ilifika mahali pale. Anastasie, mdogo wake marehemu, alikuwa na sauti ya kutosha, lakini hakuinuka. Kwao kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka matanga yaondolewe. Kanisa zima likanyamaza. Na katika kimya kile Raphaël akamsikia Sidonie, waziwazi, kama yuko benchini. Nyumbani hakumsikia, kaburini hakumsikia, ila pale tu. Ukoo ulipomkumbusha kuondoa matanga, alijibu, "Bado." Walimgombeza, wakachoka, wakamwacha. Miaka ikapita, na watoto waliozaliwa baadaye wakadhani wimbo ulitungwa pamoja na kimya chake.

Père mzee alirudi kwao, akaja Père Ghislain, kijana mchapakazi, na muziki aliupenda kweli. Huyo ndiye aliyetangaza kwamba kutakuja mashine ya kunasa sauti, na Kyrie itasikika mpaka Léopoldville.

"Na zawadi yako iko," alimwambia Raphaël.

Alikuwa ameita fundi kutoka Bukavu. Fundi alikifungua kinanda, akatoa ulimi wa shaba ulioliwa na kutu, akatia mpya. Père akabonyeza kibao bubu. Kikaimba. Père akacheka kwa furaha.

"Mwalimu, miaka hii yote ulivumilia! Sasa wimbo wako uko muzima."

Raphaël alikitazama kibao. Aseme nini? Kwamba pengo lile ni mke wake? Mtu amekuletea zawadi kwa moyo mweupe, utaikataaje?

"Merci, mon père," alishukuru.

Anastasie alimfuata hadi nyumbani. "Shemeji, unanyamaza nini? Umuambie!"

"Nimuambie nini? Aharibu tena kinanda?"

"Basi usikibonyeze."

"Atazani nimesahau wimbo wangu mwenyewe. Atasema tuanze tena. Na tena."

Siku ya mashine ilifika. Raphaël aliapa moyoni kwamba kidole kitasimama. Wimbo ukapanda. Père Ghislain, aliyekuwa kando yake akimgeuzia kurasa, alimwashiria kwa kichwa akitabasamu: haya, sasa. Na kidole kilichotii mapadri tangu utotoni kikatii. Noti ilitoka tamu, ya mviringo, nzuri kabisa, hilo siwezi kulikana. Wanaume wa kwaya waliyumba kidogo, kisha wakaipokea. Anastasie alijifunika uso kwa kitambaa. Raphaël alipiga mpaka mwisho bila kosa.

Dominika iliyofuata aliingia kanisani kabla ya kengele. Alikanyaga viriba vya kupulizia kinanda, akaipandisha Kyrie, akasimamisha vidole palepale bila kugusa kibao, akangoja. Alichosikia ni kinanda. Akaanza upya, akangoja tena. Kinanda. Alijaribu kuikumbuka sauti ya mkewe, hata ile ya kumwita kula, na kila alipoitafuta ililia ile noti tamu.

Anastasie alimkuta hivyo, mikono imelala magotini. Raphaël hakumtazama.

"Shemeji," alisema, "uwaambie kule nyumbani, waondoe matanga."