Themanini na Tatu

Watu wengi wa umri wangu wakikumbuka ujana wao husema mabaya yamesahaulika, yamebaki mazuri. Mimi yangu mabaya yako palepale, nayaangalia kila nikitaka, na mojawapo huniburudisha hadi leo. Nitalieleza jinsi lilivyokuwa.

Nilikuwa nasoma chuo mjini, masomo ya hesabu za takwimu, uchumi na sayansi, nikikaa Gatina kule Kawangware na shangazi yangu, ambaye sisi watu wa Magharibi mwa Kenya humwita senge. Senge aliuza mboga kando ya barabara. Chumba chetu kilikuwa cha mbao, nyuma kabisa ya ploti, katika safu ya vyumba vya kupanga vilivyofanana. Mbele, upande wa lango, ndipo ilipokuwa nyumba ya mawe ya wenye ploti. Baba wa nyumba hiyo alishafariki, na mambo yote yaliendeshwa na mama mwenye ploti pamoja na kijana wake, na kijana huyo alikuwa darasa moja nami chuoni.

Nyumba ya mawe ilikuwa na taa za stima, sisi tulikuwa na koroboi ya mafuta. Siku moja yule mama alinikuta mlangoni nimejikunja na vitabu, mwanga wa jioni ukiishia, akanisimamia.

"Wewe msichana, macho utaharibu ya nini na stima iko kwangu? Kuja kwa meza usome na kijana yangu. Nyinyi si ni darasa moja?"

Nilimshukuru sana. Senge naye alishukuru, akampelekea sukuma wiki fungu kubwa. Hatukujua kwamba ile taa ilikuwa inalipiwa, na kwamba malipo yake ni kichwa changu.

Kila jioni kabla ya chakula nilikaa kwenye meza ile yenye kitambaa cha kufuma, nikafanya maswali tuliyopewa. Bei ya sukari ikipanda hivi, watu watapunguza kununua kwa kiasi gani. Maji ya moto yakiachwa mezani yatapoa kwa kasi gani. Kijana wa nyumba alikaa ng'ambo yangu, akanywa chai ya maziwa, akasoma gazeti la michezo. Nikimaliza, alivuta karatasi zangu upande wake bila kuomba, akazinakili mstari kwa mstari. Hata nilipokosea kisha nikafuta, yeye alinakili hadi mahali nilipofuta akaacha nafasi.

Nilijiambia, haya, taa ni yao.

Mwalimu wetu wa takwimu alikuwa mtu mrefu, mkavu, koti lake daima lina chaki mabegani. Hakupenda mchezo. Siku aliyorudisha karatasi za lile zoezi kubwa la muhula alituita wawili mbele ya darasa, akazishika karatasi zetu pamoja.

"Hizi zimezaliwa na mama mmoja. Nani alinakili?"

Kabla sijavuta pumzi, kijana wa nyumba ya mawe alikuwa ameshajibu. Na alijibu kwa upole, kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine.

"Mwalimu, huyu ni tenant wetu. Hana taa kwao, kwa hivyo mamangu humruhusu akuje kusoma kwa meza yetu. Mimi sikujua anakopi."

Darasa lilicheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani. Mwalimu alinitazama na kuniuliza kama ni kweli nasomea kwao. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Na hapo ndipo nilipomwona akilini senge wangu na mafungu yake ya mboga, nikamwona yule mama akisimama mlangoni kwetu, nikajua kwamba nikimtaja mtoto wake kuwa mwongo tutalala nje. Nikasema sina la kuongeza.

Nikapewa sifuri. Mwalimu akasema nikionekana tena na kazi inayofanana na ya mtu mwingine, nifunge mizigo nirudi kwetu. Na kwetu nilikujua. Baba alikuwa ameniambia waziwazi kwamba nikirudi bila cheti, jembe lipo nyuma ya mlango, na hataki hadithi.

Jioni ile yule kijana alinisubiri langoni. Alikuwa anakula njugu.

"Sasa. Usikasirike bwana, ilikuwa lazima mmoja aanguke. Wewe ukianguka hakuna mtu anashtuka. Leo unakuja, ama?"

Hasira niliyoipata sijawahi kuipata tena, hata nilipozeeka nikakutana na watu wabaya zaidi yake. Haikuwa ile ya kupiga kelele. Ilitulia tumboni, ikakaa vizuri, ikaanza kufikiri. Nikamjibu kwamba nakuja.

Ningeweza kukaa kwetu na koroboi yangu, nikamaliza masomo yangu kimya, naye akaanguka mwenyewe taratibu mbele ya safari. Wazo hilo nililikataa. Nilitaka aanguke mbele ya watu walewale waliocheka, na nilitaka mkono wangu uwemo.

Wiki zilizofuata tulifundishwa njia ya wastani wa kukisia. Wakati huo hatukuwa na mashine za kuhesabia, na namba zikiwa nyingi, kuzijumlisha zote ni kazi ya punda. Kwa hiyo unachagua namba moja, yoyote, unaiita wastani wa kukisia. Unaangalia kila kipimo kiko mbali nayo kiasi gani, juu au chini. Mwishoni unatafuta wastani wa huo umbali, unaisahihisha ile namba yako kwa huo wastani, unafika kwenye jibu la kweli. Mtu mwenye akili zake huchagua namba iliyo katikati ya vipimo vyake, ili umbali uwe mdogo na kazi iwe rahisi. Lakini njia yenyewe haijali. Ukianzia karibu utafika, ukianzia kwa mashetani utafika vilevile, ila utatoka jasho.

Tukapewa zoezi. Darasa zima lilipewa vipimo vilevile, urefu wa miche ya maharagwe iliyopandwa na wenzetu wa sayansi, mmoja sentimita kumi na mbili, mwingine kumi na tano, na kuendelea, ukurasa mzima. Mtu yeyote angechagua kumi na nne au kumi na tano akaanza kazi.

Nilikaa kizingitini kwetu na kalamu, nikainua macho. Mlangoni palikuwa na namba kubwa ya rangi nyekundu. Mwaka ule watu wa kuhesabu watu walikuwa wamepita, wakaandika namba kwenye milango yote ya nyuma. Chumba chetu kilikuwa themanini na tatu. Yule kijana hakuwahi kuiona, kwa sababu hakuwahi kufika huku nyuma tangu tuhamie. Sisi ndio tulioitwa mbele.

Nikaandika juu ya karatasi, kwa mwandiko mzuri kabisa: wastani wa kukisia, themanini na tatu. Kwa miche ambayo hata ule mrefu zaidi haukufika sentimita ishirini.

Kazi ilikuwa chungu. Kila mche ulikuwa chini ya namba yangu kwa sitini na kitu, sabini na kitu, na kila umbali wenyewe ukiwa na alama ya kutoa mbele yake. Nilihesabu, nikahakiki, nikahakiki tena. Kosa moja dogo lingenirudisha kwenye jembe la baba. Jibu lilipotoka sawasawa nilienda kwenye nyumba ya mawe, nikakaa chini ya stima, nikaiandika upya yote mbele ya yule kijana, polepole, ili asije akapitwa na mstari. Aliivuta karatasi kama kawaida yake. Alipofika kwenye themanini na tatu hakusita hata kidogo. Mamake alituletea chai, na siku hiyo nami nilipewa yenye maziwa. Niliinywa kwa furaha.

Nisidanganye kwamba nilikuwa jasiri. Usiku wa siku tuliyokabidhi karatasi sikupata usingizi. Kama mwalimu angechoka, au kama angemwamini tena bila kuuliza, ningekuwa nimejichimbia kaburi kwa mikono yangu. Nilitegemea jambo moja tu: kwamba yule kijana, akiulizwa, atadai kazi ni yake. Mwizi wa namna yake hawezi kuachia.

Mwalimu aliingia na karatasi zetu mbili zikiwa juu ya nyingine zote. Hakuketi.

"Kuna watu wawili tu duniani wanaoweza kupima maharagwe kuanzia themanini na tatu. Na ni walewale. Safari hii nani alinakili?"

"Ni yeye tena, mwalimu," kijana akasema, kwa upole wake uleule. "Mamangu amemwonea huruma sana lakini hasikii."

"Kwa hiyo hii kazi ni yako."

"Ni yangu."

"Vizuri. Njoo ubaoni utufundishe."

Mwalimu akamwandikia miche mitano ya kwanza: kumi na mbili, kumi na tano, kumi na moja, kumi na nne, kumi na nane. Kijana akashika chaki, akaandika themanini na tatu, kwa sababu hiyo aliikumbuka.

"Umeitoa wapi?" mwalimu akauliza.

"Ni ya kukisia."

"Najua ni ya kukisia. Umeikisia kutoka wapi?"

Hapo akaanza kutafuta. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nikaona shingo yake ikilowa. Akasema ni jumla ya vipimo. Mwalimu akamwambia ajumlishe tuone, akajumlisha, akapata sabini. Akasema basi ni cha kwanza na cha mwisho. Navyo vikakataa. Akasema ni fomula.

"Tuandikie hiyo fomula."

Akasimama na chaki. Kile kicheko cha puani kikaanza tena, na safari hii nilikisikia vizuri, kwa sababu si mimi niliyechekwa.

"Sawa, ifute," mwalimu akasema. "Weka kumi na tano, namba ya mtu mwenye akili. Endelea nayo."

Hata hiyo hakuiweza. Mche wa kumi na mbili uko chini ya kumi na tano kwa tatu, lakini yeye hakuweka alama ya kutoa. Alihesabu umbali wote kama uko juu, akapata miche yenye wastani unaozidi kumi na saba, wakati minne kati ya ile mitano haikufika hata kumi na sita. Mwalimu alimwachia amalize hadi mwisho. Nilimpenda mwalimu siku ile.

Kisha akanigeukia.

"Wewe. Themanini na tatu ni ya nini?"

"Nimeichagua tu, mwalimu. Namba yoyote inafaa, ikianzia mbali inasahihishwa mwishoni."

"Yoyote? Basi fanya kwa mia mbili."

Nilienda ubaoni, nikapita karibu naye, akanipisha. Sikuharakisha. Mia mbili toa kumi na mbili, mia na themanini na nane, iko chini. Mia mbili toa kumi na tano. Niliandika kila moja na alama yake ya kutoa, kubwa, ionekane hadi dirishani. Jumla, mia tisa na thelathini chini. Igawe kwa tano, mia na themanini na sita. Itoe kwenye mia mbili, kumi na nne. Halafu, bila kuambiwa, nikafanya tena kwa themanini na tatu pembeni, ikatoka kumi na nne. Hiyo ya pili haikuwa na sababu yoyote ya kihesabu. Nilitaka aiangalie tu.

Mwalimu alinirudishia alama zangu za zoezi la kwanza palepale, kwa sauti, darasa likisikia. Kijana aliambiwa achukue koti lake, na kabla ya wiki kuisha jina lake lilikuwa limeondolewa chuoni. Niliona raha. Watu huniambia nilipaswa kuona huruma walau kidogo, na mimi huwauliza huruma hiyo ilikuwa wapi wakati mimi napewa sifuri.

Jumamosi yake mama mwenye ploti alikuja nyuma. Mambo ya chuo hakuyagusa.

"Chumba nataka. Mtoto wa ndugu yangu anakuja kukaa."

"Mama, tupe hata mwisho wa mwezi," senge akamsihi. "Tutaenda wapi leo?"

Wenye ploti wa siku zile hawakupoteza mate kumfukuza mtu. Waling'oa mlango. Chumba kisicho na mlango hakilaliki, mpangaji anajihamisha mwenyewe. Na kwa kuwa ile nyumba haikuwa na mwanamume mwingine, aliyeitwa aje na nyundo na bisibisi alikuwa kijana wake.

Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika huku nyuma. Alikuja ameinamisha kichwa, hakunitazama, akapiga magoti akafungua bawaba ya chini, kisha ya juu. Mlango ukamlemea. Akaukumbatia, akaugeuza ili aubebe, na upande wa nje ukamjia usoni, na rangi yake nyekundu.

Alisoma. Nilimwona akisoma. Akainua macho akaniangalia, kisha akaisoma tena.

"Hii namba ni ya nini?" akauliza, polepole.

"Ya mlango," nikamjibu.

Mamake alimwambia aache kuzubaa. Alisimama pale ameukumbatia mlango wetu, mdomo wazi, na ikabidi aitwe mara nyingine ndipo aanze kuubeba kwenda mbele.

Tulipata chumba Kianda, Kibera, kwa watu wa kwetu. Senge alinikasirikia njia nzima, na alikuwa na haki yake. Mimi nilikuwa nyuma yake na godoro kichwani, na chini ya lile godoro nilikuwa nacheka.