Benchi la Shangazi Kwenye Ngazi

Shangazi yangu ana ugonjwa mmoja tu: usafi. Kila asubuhi huosha ngazi za nyumba yake ya kupangisha kwa mikono yake mwenyewe, huku akigombeza wapangaji wote, aliyekosea na asiyekosea. Kabla ya kumwaga maji huziba njia kwa benchi. Benchi likishawekwa, hupandi wala hushuki. Mpangaji gani hajui hilo?

Siku moja fundi cherehani wa ghorofani akaliruka, suti ya mteja mkononi. Akaporomoka mpaka chini, mguu ukavunjika vibaya. Mashemeji zake wakamjaza maneno, akamshtaki shangazi kwa uzembe. Tukishindwa, nyumba inauzwa ili alipwe, na shangazi hana kingine duniani. Wakili wake ndiye mimi, na niliogopa kuliko yeye.

"Shangazi, hospitali usikanyage. Watasema unajipendekeza kwa sababu umekosa."

"Ebo! Mtu amelazwa nisimjulie hali? Sheria gani hiyo?"

Akaenda na chupa ya chai. Nilikasirika, nusura nijitoe kwenye kesi.

Na kweli, mahakamani wakili wa Fundi akaanzia hapo hapo. "Kama huna kosa, chai ilikuwa ya nini?"

"Kwani kwenu mgonjwa huangaliwa na aliyemuumiza tu?"

Watu wakacheka. Yule wakili hakucheka. "Ulijua kwamba huwa analiruka benchi?"

Hapo nilikuwa nimembembeleza sana: jibu kwa kifupi, shangazi, ulimi huponza kichwa. Wapi!

"Nilijua. Kila siku anaruka, kila siku namgombeza. Na maji sikuacha kumwaga."

Nikainamisha kichwa. Nyumba imekwenda, nikajua.

Hakimu akamgeukia Fundi. "Ni kweli alikuwa anakukataza?"

Fundi akamtazama shangazi. Angeweza kukana, maana shahidi hakuwepo.

"Ni kweli, mheshimiwa. Hata asubuhi ile aliniambia nisubiri pakauke. Nikamcheka."

Kesi ikatupwa. Nje nilimkumbatia shangazi, nacheka peke yangu kama mwehu. "Tumeshinda! Nyumba ni yako!"

Akaniondoa mikono. Fundi alikuwa anatoka mlangoni kwa magongo, polepole, hana shemeji hata mmoja pembeni.

"Umeshinda wewe," akasema. "Yule cherehani yake ni ya kukanyaga. Sasa atakanyaga kwa mguu gani?"